UZI: Nimekarabati nyumba ya kupangisha kwa mkopo, rejesho likaanza kabla mpangaji hajaingia

Ngazi_ya_Tatu (mleta uzi)

Wakuu habari za humu. Mimi ni msomaji wa kimya kimya wa siku nyingi, leo naomba niseme yangu, maana najua kuna mtu humu yuko njiani kufanya nilichofanya. Uzi ni mrefu, mvivu wa kusoma apite kimya.

Nilinunua nyumba ya zamani yenye yuniti nne. Mbili zina watu, mbili tupu. Fedha sitataja, kila mtu ana bei za kwao. Nitahesabu kwa "kodi": kodi 1 ni pango la mwezi mmoja la yuniti moja ikishakarabatiwa. (Ile ya serikali nitaiita ushuru, tusichanganyane.) Wapangaji wawili niliowakuta wanalipa 0.7 kila mmoja.

Nikakopa kodi 40 za ukarabati. Miezi 36, riba 15% kwa mwaka. Afisa mikopo akabonyeza kikokotoo, akanigeuzia: rejesho 1.61 kwa mwezi. Kichwani mimi nikapiga yangu: nyumba ikijaa naingiza 4, natoa 1.61, inayobaki ni yangu. Nikasaini kwa kalamu yake.

Siku ya 30 rejesho la kwanza likakatwa. Siku hiyo mimi na fundi tulikuwa bado tunabishania rangi ya vigae.

Yuniti mbili tupu zimekaa tupu miezi mitano. Kwa muda wote huo inaingia 1.4 kutoka kwa wale wawili, inatoka 1.61. Hapo bado ushuru, bima, taa za nje, na koki iliyovunjika kwa mpangaji namba 2. Pengo lote limezibwa na mshahara wangu, na nyumbani hawajui. Sasa wamejua.

Kosa la pili ndilo linaloniuma zaidi. Nilianza na vinavyoonekana. Makabati ya jiko, vigae vipya sebuleni, skimu, rangi, dari. Bafu la yuniti ya 3 halikuwa na shida yoyote kwa macho, nikabadilisha sinki na bomba la mvua, basi. Wiki ya pili baada ya rangi ya mwisho naingia chumbani, ukuta unaopakana na bafu umetoa malengelenge chini, usawa wa goti, kama ngozi iliyomwagikiwa chai. Nikaligusa moja kwa kidole. Likapasuka, maji yakateremka hadi kwenye kigae kipya.

Bafu lote limebomolewa. Kodi 4 za ziada, na mwezi mmoja zaidi bila mpangaji. Bajeti ilikuwa 40, niko 47 na sijamaliza.

Naomba ushauri, na matusi kidogo nayapokea.

---

HesabuKwanza

Matusi hapana mkuu, ila nina swali moja. Hiyo 15% ni ya salio linalopungua, au inapigwa kwenye mkopo wote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho?

---

Ngazi_ya_Tatu

Mkataba umeandika 15% kwa mwaka. Sikuuliza zaidi ya hapo.

---

HesabuKwanza

Basi nikusaidie, namba zako zinajisema zenyewe. 40 mara 15% mara miaka 3 ni 18. Jumlisha 40, unapata 58. Gawa kwa 36, ni 1.61. Umepewa riba isiyopungua.

Maana yake ni hii. Kila mwezi unapunguza mtaji (zile fedha zenyewe ulizokopa) wa 1.11 na unalipa riba 0.5. Mwezi wa kwanza ni haki, kweli unadaiwa 40. Lakini mwezi wa 36 deni lililobaki ni 1.11 tu, na bado unalipishwa riba 0.5 kana kwamba zile 40 zote bado ziko mfukoni mwako. Ungekopa kwa 15% hiyo hiyo lakini kwenye salio linalopungua, rejesho lingekuwa kama 1.39 na riba yote isingefika 10. Wewe unalipa 18. Ukitaka kuifananisha na mikopo ya aina ya pili, yako ni kama 26% kwa mwaka.

Hizo kodi 8 za tofauti ni yuniti moja imekaa tupu miezi minane, na hukuziona kwa sababu hazikuandikwa popote.

Siku nyingine usimuulize mtu wa mikopo "riba ni asilimia ngapi". Mwambie "nipe jedwali la marejesho, mwezi kwa mwezi, safu ya mtaji na safu ya riba". Safu ya riba ikiwa namba ile ile toka juu hadi chini, umeshajua uko wapi. Uliza pia ukilipa deni lote mapema, riba ya miezi iliyobaki inafutwa au inabaki? Kwa mkopo kama wako jibu la swali hilo ni pesa nyingi.

---

Chumba_Kimoja_Kimoja

Ndiyo maana mimi sikopi. Nina vyumba sita, nilikarabati kimoja kimoja kwa kodi ya vingine. Imenichukua miaka miwili na nusu, na nalala usingizi.

---

HesabuKwanza

Usingizi una bei yake pia mkuu. Vile vilivyokuwa vinasubiri zamu vilikuwa na watu au vitupu?

---

Chumba_Kimoja_Kimoja

Viwili vilikuwa vitupu. Kimoja kilisubiri kama miezi nane.

---

HesabuKwanza

Kodi 8. Sawasawa na alichozidishiwa mleta uzi. Tofauti ni kwamba yeye anayo risiti.

Sisemi ukope. Nasema chumba kitupu nacho ni mkopo, na riba yake ni 100% ya kodi kila mwezi. Kama chumba kina mtu na kinavumilika, subiri ufanye kwa fedha zako, huna haraka. Kama ni kitupu na kinahitaji kazi ya wiki tatu, kukopa kidogo kwa muda mfupi kunaweza kuwa nafuu kuliko kungoja.

---

mwiko_na_timazi

Mimi ni fundi, miaka mingi kwenye mabafu ya watu. Nimesoma habari ya malengelenge nikacheka halafu nikahuzunika.

Ndugu, maji kwanza, umeme wa pili, rangi mwisho kabisa. Yakigeuzwa hayo, unafanya kazi mara mbili. Kabla hujanunua hata kigae kimoja fanya haya, hayana gharama:

Funga koki zote za nyumba, angalia mita ya maji. Kile kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna bomba linavuja, hata kama ukuta mkavu.

Ukuta una unyevu na hujui unatoka wapi? Kata nailoni kama nusu mita kwa nusu mita, ibandike kwa gundi ya utepe pande zote nne isipitishe hewa, iache usiku na mchana mzima. Matone yakiwa upande wa ndani wa nailoni, unaoelekea ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni mvuke wa chumbani, unahitaji hewa na si kubomoa. Nimeona watu wakivunja kuta kwa sababu ya dirisha lisilofunguliwa.

Bafu: mimina ndoo, tazama maji yanakokwenda. Au weka gololi kwenye pembe nne, moja baada ya nyingine. Gololi isiyofika kwenye tundu inakuonyesha mahali maji yatakaposimama. Mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita unatosha. Ukizidi hapo mtu anateleza.

Halafu sasa nikuulize. Bafu la yuniti ya 3 mlipobomoa, chini ya vigae mlikuta nini?

---

Ngazi_ya_Tatu

Saruji tupu. Hakuna dawa yoyote ya kuzuia maji. Na pale bomba linapoingia ukutani palikuwa na uwazi naweza kuingiza kidole.

---

mwiko_na_timazi

Nilijua. Kigae hakizuii maji, watu wengi hawaamini hili. Maji yanapita kwenye viungio, taratibu, kila siku, kila anayeoga anaongeza. Kinachozuia ni ile dawa inayopakwa chini yake. Mikono miwili, yaani ipakwe mara mbili, wa pili ukivuka wa kwanza, ipande ukutani hadi sentimita 15 pembeni, na pale pa bomba la mvua ipande juu hadi usawa wa kichwa. Pembe za ukuta na sakafu ziwekewe utepe wake kabla. Ikikauka, ziba tundu kwa tambara, jaza maji sakafuni kina cha vidole viwili, weka alama ya penseli kwenye usawa wa maji, rudi kesho. Usawa ukishuka kuliko maji ya kwenye ndoo iliyowekwa pembeni, kuna mahali panapita. (Ndoo ya nini? Maji hupungua kwa kukauka pia. Fundi mjanja atakwambia yamekauka.)

Kitu kingine, lipu mpya ya saruji ipe kama wiki nne kabla ya rangi. Najua rejesho linakukimbiza. Lakini rangi iliyopakwa kwenye lipu mbichi itakudai tena.

---

Bado_Napanga

Naomba niingie, mimi si mwenye nyumba, ni mpangaji, nimehama nyumba tano. Mnaongea kama vile sisi hatupo.

Kaka mleta uzi, hayo makabati ya jiko yalikula kodi ngapi?

---

Ngazi_ya_Tatu

Kodi 5 kwa kila yuniti dada. Kwa zile mbili ni 10.

---

Bado_Napanga

Robo ya mkopo! Na mimi nikija kuangalia nyumba, makabati nayaona kwa sekunde tatu. Nakwambia ninavyofanya. Nafungua koki zote mbili kwa pamoja, ya jikoni na ya bafuni, niangalie presha. Navuta maji chooni. Nahesabu soketi, chumba chenye soketi moja maana yake nitaishi na nyaya sakafuni. Naangalia bafu lina dirisha au hapana. Nilishahama nyumba yenye vigae vya kung'aa sana kwa sababu bafu halikuwa na pa kutolea hewa, nguo kabatini zilikuwa zinanuka ukungu. Kitasa cha mlango nakifunga na kukifungua mara mbili.

Na nikishaingia, kinachonifanya nikae miaka minne ni mwenye nyumba anayejibu simu bomba likipasuka. Hilo halina bei.

---

HesabuKwanza

Dada umemaliza kazi. Mleta uzi, kila kitu unachotaka kukarabati kipitishe kwenye swali moja: kinarudi baada ya miezi mingapi?

Makabati ya kodi 5. Tuseme yanakuongezea 0.05 kwa mwezi, na hapo ni kwa ukarimu. Miezi 100. Mkopo wenyewe una miezi 36. Soketi nne za ziada, feni ya kutoa hewa bafuni na vitasa vizima, tuseme vyote kodi 1. Hata visipoongeza pango hata kidogo, vikifanya yuniti ipate mtu mwezi mmoja mapema vimeshajilipa siku mtu anapoingia.

Halafu urefu wa mkopo uendane na umri wa kitu. Paa linakaa miaka mingi, ukilikopea mwaka mmoja litakunyonga. Rangi utaipaka tena baada ya miaka michache, ukiiweka kwenye mkopo wa miaka kumi utakuwa unalipia rangi uliyokwisha kuikwangua.

---

Mzee_wa_Paa

Makabati mnayaonea. Yuniti zangu zina makabati mazuri na hazikai tupu.

---

HesabuKwanza

Mzee, inawezekana kwenye soko lako wote wanayo, usipokuwa nayo unaachwa. Hapo ni sawa. Njia ya kujua ni kwenda kuangalia nyumba tatu nne za jirani kama mpangaji, uone za bei ile zina nini. Mleta uzi hakufanya hivyo.

---

Ngazi_ya_Tatu

Kweli sikufanya. Niliyaona kwenye picha mtandaoni.

---

Mzee_wa_Paa

Aya, nimekubali kwa shingo upande. Ila nyumba ya zamani, umeangalia paa? Bati zile za kijivu zenye mawimbi manene, ngumu kama saruji, zinaweza kuwa na asbesto. Usimruhusu mtu azikate, azitoboe wala kuzikwangua. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki na madhara yanakuja baada ya miaka mingi. Pima sampuli kwa wataalamu kwanza. Na kama ni yenyewe, kuitoa ni kazi ya watu wenye vifaa, iingize kwenye bajeti.

Na umeme: kwenye sanduku la swichi weka kikata umeme cha mA 30, kile kinachokata umeme ukivuja, chenye kitufe cha majaribio. Waya wa soketi mm 2.5 za mraba, wa taa 1.5. Hita ya maji iwe na waya wake peke yake. Nyumba za zamani nyingi hazina hata waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja.

---

Ngazi_ya_Tatu

Paa ni bati za kawaida, nashukuru Mungu. Umeme nitaangalia.

Wakuu nina jingine, linanitia aibu. Yuniti ya 4 imeisha kabisa, ni safi. Dalali kaleta watu watatu, wote wameingia, wamekunja pua, wametoka. Ndani kunanuka maji taka. Fundi bomba anasema bomba la chini limepasuka, anataka kuchimba sakafu ya bafu. Kodi 3 nyingine.

---

mwiko_na_timazi

SIMAMISHA HUYO FUNDI.

Yuniti imekaa bila mtu muda gani?

---

Ngazi_ya_Tatu

Miezi mitano.

---

mwiko_na_timazi

Chini ya kila tundu la sakafu na kila sinki kuna mpindo wa bomba unaobakiza maji, kama sentimita 5 hivi. Maji hayo ndiyo kizibo cha harufu. Nyumba ikikaa bila mtu yanakauka, na hewa ya shimoni inapanda moja kwa moja chumbani. Nenda leo, mwaga ndoo kwenye tundu la bafu, fungua sinki zote, vuta maji chooni. Fungua madirisha. Rudi kesho asubuhi unipe mrejesho. Kama utaondoka tena kwa muda, malizia kijiko cha mafuta ya kula juu ya maji ya tundu, yanachelewesha kukauka.

---

Ngazi_ya_Tatu

MREJESHO. Hakuna harufu. Ndoo moja ya maji. Nimekaa bafuni dakika kumi natikisa kichwa peke yangu.

Fundi bomba nimempigia, kanyamaza kidogo halafu kasema "basi bosi, ilikuwa bahati".

---

Bado_Napanga

😂😂😂 Kodi 3 kwa ndoo moja.

---

Chumba_Kimoja_Kimoja

Hapo kwenye mafundi ndipo pesa inapotorokea dirishani. Mimi silipi tena siku za kazi, nalipa hatua: bomba zimekaa na zimejaribiwa kwa presha, lipa. Dawa ya bafu imepita jaribio la maji, lipa. Kila malipo nabakiza 10%, anaichukua mvua zikishapita na ukuta mkavu. Wa kwanza alikataa, nikatafuta mwingine. Vifaa nanunua mwenyewe, yeye anaandika orodha.

Na kabla ukuta haujazibwa, piga picha kila bomba na kila waya, futi kamba ikionekana kwenye picha. Miaka mitatu baadaye ukitaka kutundika kabati utajua pa kutoboa.

---

mwiko_na_timazi

Kwa upande wetu nasi, mkiandika hatua andikeni pia siku ya kulipa. Fundi anayebakiziwa 10% na kila siku anaambiwa "njoo kesho" ndiye anayehamia kazi nyingine katikati ya yako.

---

Chumba_Kimoja_Kimoja

Haki yako hiyo. Naongeza kwenye mkataba.

---

Ngazi_ya_Tatu

Sasa swali kwa HesabuKwanza. Yuniti ya 3 na 4 zikipata watu, wale wawili wa zamani niwaongezee hadi 1 mara moja? Na yuniti zao nizikarabati kwa mkopo mwingine?

---

HesabuKwanza

Tuweke mezani. Ukijaza zote kwa kodi 1, mwaka ni 48. Toa mwezi mmoja mtupu kwa kila yuniti, 44. Toa matengenezo, tuseme 5, ushuru na bima na mengineyo 4. Unabaki na 35. Marejesho yako ni 19.3 kwa mwaka, kwa hiyo mapato yanabeba deni mara 1.8. Wakopeshaji wengi hupenda kuona angalau 1.2 au 1.25, uko vizuri. Lakini wakati wa ujenzi ulikuwa na 1.4 kwa mwezi, sawa na 16.8 kwa mwaka kabla ya matumizi yoyote, dhidi ya 19.3. Hata mara moja haikufika. Hesabu ya siku nyumba imejaa ulikuwa nayo, ya katikati ndiyo hukuipiga.

Kwa hiyo mkopo wa pili hapana, bado. Wale wawili wanalipa, wako ndani, usiwaguse kwa fujo. Kuwapandishia kutoka 0.7 hadi 1 bila kuwafanyia kitu ni kuwafukuza, na kila atakayeondoka anakugharimu mwezi au miwili. Fanya bafu zao kwanza, moja moja, kwa ziada inayobaki kila mwezi. Wape taarifa kwa maandishi, waambie siku ngapi watakosa maji, wapunguzie kidogo mwezi huo. Pango lipande baadaye, kwa ngazi, kwa kufuata mkataba na sheria ya mahali ulipo.

Ukija kukopa tena, omba fedha itolewe kwa awamu, riba iende kwenye uliyochukua tu. Na uliza kama kuna miezi ya mapumziko kabla ya rejesho la kwanza. Riba huwa inaendelea kuhesabika kipindi hicho, si bure, lakini ujenzi wako wa miezi mitano ungepumua.

---

Bado_Napanga

Hiyo ya kupunguziwa mwezi wa ujenzi naunga mkono kwa mikono miwili. Nimeoga kwa jirani wiki tatu na nikalipa kodi kamili.

---

Ngazi_ya_Tatu

Wakuu, mrejesho baada ya wiki saba.

Yuniti ya 4 ina mtu tangu wiki ya pili. Aliingia, akafungua koki mbili kwa pamoja, nikajua huyu ni wa kabila la dada Bado_Napanga. Yuniti ya 3 bafu limepakwa dawa mikono miwili, nikaweka maji na ndoo pembeni, fundi akiniangalia kama nimechanganyikiwa. Alama ya penseli na ndoo vimeshuka sawa. Gololi nne zote zimefika tunduni. Mpangaji anaingia tarehe moja.

Mkopeshaji nimemwandikia kuhusu kulipa mapema, kajibu kwamba sehemu ya riba ya mbele inafutwa lakini kuna faini. Nasubiri namba kamili kwa maandishi.

Mwezi huu rejesho limetoka kwenye kodi, si kwenye mshahara. Mara ya kwanza.

Bafu la yuniti ya 1 linaanza Jumatatu. Mpangaji ana barua yake na amepunguziwa.

---

mwiko_na_timazi

Vizuri. Picha kabla hawajaziba, na futi kamba usisahau.